Filamu ya Treni na Jicho la Nyokabi

Jumatatu, 3 Machi

Matone ya asubuhi nimeshaweka. Moja jicho la kulia, moja la kushoto, ingawa la kushoto lilizima zamani na tunaliwekea kama heshima tu. Mkono wangu hautetemeki. Wengine wakiweka, dawa inaishia shavuni. Mimi naweza kumwekea nzi tone la jicho akiwa anaruka, na nzi aseme asante.

Dada Nyokabi amekunywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, akakiangika msumarini bila kupapasa. Nyumba hii ya Umoja anaijua kwa mguu na kwa kiganja. Mimi nakaa chumba cha nyuma, kile cha kuongezewa, tangu kibanda chetu cha kuonyesha filamu za video kifungwe. Majirani wanafikiri amenihifadhi. Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayemlinda.

Wanja, binti yake, amepiga simu kutoka kwake Tassia. Daktari amerudia yale yale. Presha ya macho imepanda. Jicho la kulia lipasuliwe mwezi huu. Upasuaji hautarudisha kilichopotea, utajaribu kushikilia kilichobaki, na hata hiyo si ahadi. Nyokabi amekataa. Alikataa mbele ya daktari, akakataa mbele ya pasta, akamkatalia Wanja mpaka Wanja akalia.

"Anko, ongea naye wewe. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Kweli kabisa. Nimemwambia kufikia Jumatano mama yake atakuwa anaomba kisu mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeongea. Nilianza baada ya chakula, sauti ya chini, kama mtu asiye na haraka. Nikamwambia habari za fundi mmoja wa Kaloleni aliyepasuliwa macho yote mawili. Bandeji ilipotoka akawa anasoma namba za magari yaliyo mbali kule Athi River, yeye ameketi kwake mlangoni na uji wake. Trafiki wakamwajiri.

"Ana jina huyo mtu?"

Nikasema Ochieng.

"Juzi alikuwa Mutua, na alikuwa amepasuliwa goti."

Akacheka sana. Mimi pia nikacheka. Halafu akaacha kucheka kabla yangu.

"Njuguna, kilichobaki ni kidogo, lakini ni changu. Wakikipoteza, utanirudishia wewe?"

Nikainuka nikakusanya sahani. Mimi! Mimi niliyetafsiri filamu za Kichina miaka na miaka bila kujua Kichina hata cha kuombea maji. Barabara ya Outer Ring ilipokuwa ikijengwa, injinia mmoja Mchina aliingia kibandani, akasikiliza, akanishika mkono machozi yakimtoka. Akasema maneno mengi. Nikawatafsiria wote waliokuwepo. Alikuwa akisema hajawahi kusikia Kichina kikielezwa vizuri namna ile.

Na leo maneno mepesi ya dada yangu yamenishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Jumatano imepita. Wanja hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Leo Nyokabi ametoa sharti. Anataka filamu. Ile ya treni, iliyoonyeshwa ukumbini Kaloleni tulipokuwa watoto. Baba alikuwa anaosha mabehewa ya treni, kwa hivyo siku hiyo watu wote wa reli walijaa ukumbini kana kwamba wameitwa kazini. Shuka jeupe ukutani. Yeye alikuwa msichana wa kubeba watoto, na mtoto aliyebebwa mgongoni ni mimi.

Anasema nililia wakati wa busu mpaka Baba akanitoa nje, akakosa mwisho, na hakunisamehe mpaka nilipoota meno yote. Mimi nakumbuka vingine. Mimi nilikuwa nacheka.

"Nataka kuiona tena na jicho hili kabla hawajaligusa. Halafu nitaamua."

Nikamwambia kama ni filamu, amefika kwa mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Filamu inaanza, sauti yake naishusha chini, nashika maikrofoni, naanza kuwaambia watu kinachosemwa. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, lakini risasi hazihitaji Kiingereza. Ndiyo maana Umoja nzima inaniita Komando. Siku moja spika iliungua katikati ya vita. Nikafanya bunduki zote kwa mdomo, na helikopta, na mbwa. Polisi walikuja na gari mbili wakidhani benki inaibiwa. Walipogundua ni mimi, wakaketi wakamaliza filamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Hassan, anayeuza filamu karibu na soko. Nikamweleza ninachotaka.

"Mzee Komando na mapenzi? Wallahi leo mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu."

Lakini aliipata kabla chai yake haijapoa. Akanitilia kwenye flashi. Nikamwomba nionje kidogo kwenye kompyuta yake, nijiandae.

Kuna shida.

Hakuna bunduki. Hakuna hata kofi. Watu wanaongea vizuri, ghafla wanaimba, na wapita njia ambao hawakuulizwa wanaitikia. Hassan anasema ilianza kama mchezo wa nyimbo jukwaani, ndipo baadaye ikafanywa filamu. Nikaamini. Mlima wa nyuma ni kitambaa kilichochorwa. Mtu akibamiza mlango, mlima unatikisika.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mwanamke ana nyumba ya wageni karibu na stesheni. Dereva wa treni anampenda lakini hana la kumwambia. Basi kila Ijumaa anasimamisha treni hapo na kudai imeharibika, ili apate kulala pale. Abiria wanajua. Mkuu wa stesheni anajua. Wote wanamfichia. Siku anayotaka kumchumbia, treni inaharibika kweli huko porini, na mwanamke anakataa kuamini.

Mtu mzima, mwenye treni nzima, na hana la kumwambia. Mimi ningemaliza kazi hiyo stesheni ya kwanza.

Nitaitengeneza. Nitaongeza chumvi kidogo. Hakuna filamu iliyowahi kunishinda.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa hakijatulia.

Tulirudi kanisani. Hakubadilisha nguo. Akavuta kiti mpaka mbele ya TV, pua karibu iguse kioo. Nikafunga pazia. Nikashika rimoti nishushe sauti kama kawaida ya kazi.

"Ukiigusa hiyo sauti nakukata mkono. Nataka nyimbo. Wewe ongea wakiwa kimya."

Hakuna aliyewahi kunipangia hivyo. Nikakubali kwa sababu ni dada.

Nikaanza. Dereva alipoinama kando ya treni, nikasema anachomoa bastola.

"Bastola gani? Hapo anafunga buti."

Alikuwa anafunga buti. Mwanamke alipotoka mlangoni, nikasema amevaa gauni jekundu la moto.

"La manjano. Na lina kitambaa kiunoni. Njuguna, ni nani kipofu hapa?"

La manjano, na kitambaa kiunoni. Nilifurahi mpaka nikasimama. Anaona! Anaona kuliko mimi! Nikamjaribu tena, nikasema mkuu wa stesheni ana ndevu. Akasema ni masharubu tu, na upande mmoja umepinda. Ulikuwa umepinda. Nikatoa simu polepole, nikamtumia Wanja meseji: mama yako anaona vizuri sana, madaktari hawajui kitu, Anko amethibitisha.

Halafu ukafika wimbo wa ngazi. Dereva anataka kupanda mpaka dirishani kwa yule mwanamke. Ameshika ngazi, ameweka mguu kipandio cha kwanza. Picha ikakwama hapo. Flashi za Hassan ni za kubahatisha. Picha imeganda, wimbo unaendelea.

Nikainuka niitikise flashi.

"Ona anavyopanda," Nyokabi akasema. "Ona huyo mjinga. Sasa anagonga. Sasa dirisha limefunguka. Ona mikono ya huyo mama, wacha tu. Haya, anaanguka, anaanguka, kwenye pipa!"

Maji yakasikika. Akapiga makofi.

Kwenye kioo, mguu ulikuwa kipandio cha kwanza. Haukuwa umesogea. Uso wa Nyokabi uliangalia pale pale, mwanga umempiga usoni, anatabasamu. Mimi nimesimama kando ya TV, kidole juu ya flashi, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka.

Picha ilijirudisha yenyewe baadaye, mwanamke akitembea juu ya reli na taa kwenda kumtafuta dereva. Nilimsikia dada akisema, "Hiyo taa." Sijui kama aliiona au aliikumbuka.

Nikasema, "Naiona, dada."

Jumatatu, 10 Machi

Nimeweka matone. Moja liliishia shavuni, akalifuta kwa leso.

Wanja amepiga. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo muda mrefu. Meseji yangu ameisoma mara nyingi. Anasema kama mama anaona mpaka masharubu, labda tusimsukume, tumpe miezi michache.

Nikasema ndiyo, ndiyo.

Mimi ni mpumbavu. Niandike hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilitumwa kumshawishi mmoja apasuliwe, nimemshawishi mwingine aache.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Wanja. Nikamwambia bei ya nyanya. Nikakata.

Nimempigia tena. Nikamwambia mbwa wa jirani amezaa.

Mara ya tatu hakushika, na nikashukuru Mungu. Sijui ni shukrani ya namna gani hiyo.

Maneno nayajua. Mama yako haoni. Anakumbuka tu. Ni maneno machache, hata mtoto wa chekechea angeyasema. Nikiyasema, yanakuwa kweli. Nisipoyasema, presha inaendelea kula jicho. Nimezunguka ploti kama kuku aliyefungwa mguu.

Jumatano, 12 Machi

Leo asubuhi alikuwa ameinua uso, anangoja tone. Akasema tu, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Jumapili picha ilikwama."

Nikauliza amejuaje.

"Ulinyamaza. Wewe hujanyamaza tangu uzaliwe. Hata mgongoni ulikuwa unaongea."

Nikaweka chupa ya dawa chini.

Akanieleza. TV imekuwa mwanga mtupu tangu kabla ya Krismasi. Jiko anajua kwa harufu. Watu anawajua kwa viatu. Hakusema kwa sababu Wanja angempeleka Tassia, gorofa ya nne, ngazi asizozijua, watu wasiomjua. Alitaka filamu hiyo kwa sababu alijiambia ile angeiona tu, hata kama mengine hayaonekani. Aliiangalia mara moja utotoni na haijawahi kumtoka kichwani. Akadhani jicho pia limeihifadhi.

"Sikuona hata treni, Njuguna. Treni nzima."

Halafu akasema nimwambie Wanja wamwandikie siku.

Hapo ndipo nilipotaka. Hiki ndicho nilichotumwa. Nimeshinda, na sitaki. Nilimwambia labda tungoje. Nilimwambia kuna mtu Kariobangi anayetibu kwa mizizi. Alinipiga kofi dogo la mkononi, la mtoto.

"Nilikuwa nabishana na daktari ili nishike kitu. Kumbe mkono ni mtupu. Hata wakikosea, watakosea wapi?"

Nimempigia Wanja. Safari hii niliyasema yote bila kuongeza.

"Na ile meseji, Anko?"

Sikuwa na la kumwambia.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali. Wamemwingiza.

Alivaa lile gauni lao la kufungwa nyuma, akaniuliza ni la rangi gani. Kijani iliyofifia. Nilitaka kusema la hariri, la malkia. Nikasema kijani iliyofifia. Akasema, "Mungu wangu, linanifanya mgonjwa," na wakamsukuma.

Mzee aliyeketi karibu nami aliuliza kama nina mgonjwa ndani. Nikamwambia daktari anayepasua nilisoma naye, nilikuwa nampa majibu ya hesabu. Sijui kwa nini. Mdomo ulienda wenyewe. Mzee akafurahi, akaniomba nimwombee daktari amwangalie mke wake pia. Nikaahidi.

Wanja alisikia yote. Hakunigombeza. Alinishika mkono wa koti tu na hakuuachilia mpaka walipotuita.

Jumatano, 19 Machi

Wamefungua bandeji.

Akasema, "Washeni taa."

Taa zilikuwa zimewaka.

Jumamosi, 22 Machi

Nyumbani. Amegonga kikombe kikavunjika. Kile cha msumarini. Amekaa amekishika mkononi, kipande cha mkono wa kikombe, anasema samahani, samahani, kama mtu aliye kwenye nyumba ya wenyewe.

Daktari anasema jicho limevimba, tungoje. Huyo daktari natamani kumkumbatia na natamani kumpiga kofi, kwa wakati mmoja. Anasema tungoje kama mtu anayesema tungoje gari.

Wanja amehamia hapa kwa sasa. Analala na mama yake. Hasemi Tassia tena.

Dawa sasa ni nyingi, za rangi za vifuniko tofauti. Naziweka. Hilo ndilo ninaloweza. Watoto wa ploti wamekuja mlangoni wakaniomba niwafanyie helikopta kwa mdomo. Nimejaribu. Imetoka kama mtu anayepuliza uji.

Jumanne, 25 Machi

Kliniki. Presha imeshuka. Daktari amefurahi. Nikamuuliza kama imeshuka, mbona haoni. Akanieleza kwa upole kwamba kuna vitu viwili, presha na mshipa wa kuonea, na kimoja wamekishika, kingine kilikuwa kimeshakwenda. Mwanga anaupata. Vivuli huenda akavipata. Sura, asitarajie.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni, na ndani yake kulikuwa na waziri na wakili. Nikasema asante daktari.

Njiani Nyokabi aliuliza tumefika wapi. Wanja akamwambia. Akauliza tena. Wanja akamwambia tena.

Jumapili, 30 Machi

Hatukwenda kanisani. Wanja alikwenda peke yake.

Asubuhi jua huingia chumbani kwa dada kupitia dirisha la upande wa uchochoro, kali, halina aibu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na chai mkononi. Nikaingia kuvuta pazia vizuri, nikapita mbele ya dirisha.

"Simama."

Nikasimama.

"Rudi ulikopita. Polepole. Hapo. Huyo ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Akainamisha kichwa upande kidogo, kama kuku anayesikiliza.

"Umeshika kiuno."

Nilikuwa nimeshika kiuno. Nikainua mkono.

"Umeinua mkono. Wa huku."

Nikaushusha, nikainua mwingine.

"Umebadilisha."

Nikageuka upande.

"Aiii, Njuguna! Tumbo hilo ni la nani?" Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye leso. "Na kumbe wewe ni mfupi hivi. Miaka yote nasikia sauti kubwa, nikasahau."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na futi sita za kuapa nazo. Nikafungua mdomo.

"Usiongee," akasema. "Nakuangalia."

Basi sikuongea. Nilinyoosha mikono yote miwili, nikaikunja. Nilichuchumaa, magoti yakalia, nikainuka. Kila nilichofanya alikisema yeye, taratibu, moja moja, na alipokosea nilifanya alichosema ili awe sahihi. Mara moja alisema nimevua kofia. Sikuwa na kofia. Nikaivua.

Jua lilisogea. Nami nikawa nasogea nalo, hatua ndogo, mpaka lilipofika pembeni mwa dirisha na ukuta ukalichukua.

"Umepotea," akasema.

Nikaenda nikaketi kando yake. Akanipa kikombe nikishike.